Daijesta na Upikaji wa Rojo ya Karatasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Daijesta ni chungu cha presha ambamo vibanzi vya miti, mianzi, mkonge au makapi ya miwa hupikwa kwa dawa mpaka nyuzi ziachane. Zao lake ni rojo, au palpu kama wengi wanavyoiita kiwandani. Hapa "dawa nyeupe" ni dawa mpya ya kupikia, na "maji meusi" ni dawa iliyokwisha kutumika ikiwa imebeba uchafu wa mti. Maswali yana namba ili jibu moja lirejee jingine.

## Mambo ya msingi

1. Je, daijesta ni boila kama ile ya mvuke?

Hapana, ingawa watu wengi huiita boila. Boila ya mvuke huchoma kuni, gesi au mafuta ili kuchemsha maji. Daijesta haina moto chini yake. Hupokea mvuke kutoka kwenye boila na kuutumia kupika.

Kiwanda cha krafti (njia ya kupika iliyoelezwa kwenye swali la 3) kina chombo cha tatu kinachozidisha mkanganyiko: boila ya kurejesha dawa. Hiyo huchoma maji meusi yaliyokaushwa hadi yakawa mazito, hutoa mvuke, na hubakiza chumvi iliyoyeyuka ambayo hutengenezwa tena kuwa dawa nyeupe. Vyombo hivi havifanani kwa hatari. Boila ya kurejesha dawa huogopwa kwa sababu maji yakigusa ile chumvi iliyoyeyuka hulipuka. Daijesta huogopwa kwa kutu, nyufa na gesi (tazama maswali ya 16 hadi 19).

2. Ndani ya chungu kunatokea nini hasa?

Mti ni nyuzi za selulosi zilizogandishwa pamoja na lignini, gundi ya asili iliyojaa zaidi katikati ya unyuzi na unyuzi. Dawa na joto huivunja lignini vipande vidogo vinavyoyeyuka, nyuzi zikabaki huru. Bahati mbaya dawa haichagui vizuri: huondoka na sehemu kubwa ya hemiselulosi (ndugu dhaifu wa selulosi), na ikiachiwa muda huanza kuikata selulosi yenyewe. Ndiyo maana tani moja ya mti mkavu, kwa njia ya krafti, hutoa takribani kilo 430 hadi 500 za rojo. Kinachobaki huenda na maji meusi na kuwa kuni za kiwanda.

3. Njia za kupika ni zipi, na dawa zake ni zipi?

Njia ya soda hutumia kostiki soda (haidroksidi ya sodiamu) peke yake. Ni ya katikati ya karne ya 19 na bado inafaa kwa makapi ya miwa, mabua na nyasi, ambazo lignini yake hutoka kwa urahisi.

Njia ya krafti huongeza salfaidi ya sodiamu kwenye kostiki. Carl Dahl aliivumbua Danzig (leo Gdańsk, Poland) mwaka 1879, na neno krafti maana yake ni nguvu kwa Kijerumani. Salfaidi huharakisha utokaji wa lignini na kuikinga selulosi, hivyo rojo huwa imara. Kwa kawaida salfaidi huwa asilimia 25 hadi 35 ya dawa inayofanya kazi ya kupika. Harufu ya kiwanda cha krafti chanzo chake ni salfa hiyohiyo.

Njia ya salfaiti hupika kwa tindikali, kwa joto la chini zaidi (takribani 130 hadi 145 °C) na kwa saa nyingi zaidi. Chuma cha kawaida hakiwezi kuivumilia, hivyo chungu huhitaji chuma kisichoshika kutu au kuta za matofali ya kuzuia tindikali. Majibu mengi hapa yanahusu krafti na soda.

4. Vibanzi viwe na ukubwa gani?

Hili ndilo swali ambalo lingetangulia kila mara mpishi anapolaumiwa. Kinachopimwa zaidi ni unene, kwa sababu kostiki hupenya kutoka pande zote na safari fupi zaidi ni ya unene. Lenga urefu wa milimita 15 hadi 25 na unene wa milimita 2 hadi 8, wengi wakiwa karibu na milimita 4.

Kibanzi cha milimita 10 hakiivi sawasawa. Dawa huisha kwa kuishughulikia nje kabla haijafika katikati. Unga wa msumeno na vijiti vyembamba navyo vina shida ya upande wa pili: huiva mapema, hunywa dawa nyingi, hutoa nyuzi fupi na huziba machujio. Maganda hula dawa bila kutoa nyuzi za maana na huacha madoadoa. Mchanga hukwangua pampu na vali.

Visu vya mashine ya kukatia vikiwa butu, vibanzi hupondeka na unga huongezeka. Pitisha sampuli ya vibanzi kwenye seti ya chekeche kila zamu. Mabadiliko ya kesho kwenye daijesta mara nyingi huonekana leo kwenye chekeche.

## Kupika pishi kwa pishi

5. Pishi moja hupitia hatua gani?

Vibanzi hujazwa kutoka juu huku mvuke ukiingizwa ili uvipange na kuvisukuma chini. Mvuke huo una kazi kubwa zaidi ya kupanga: huifukuza hewa iliyomo ndani ya mti. Kibanzi chenye hewa huelea na hakinywi dawa. Jaribio lake ni rahisi. Chota vibanzi vilivyopitiwa na mvuke, vitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji baridi. Mvuke ulio ndani hugeuka maji, hunyonya, na kibanzi huzama. Vingi vikielea, ongeza muda wa mvuke. Dakika 10 hadi 20 kwenye takribani 100 °C huwatosha wengi.

Kisha hutiwa dawa nyeupe na maji meusi ya kujazia, kifuniko hufungwa, na pampu huanza kuzungusha dawa kupitia chujio na hita ya nje. Joto hupandishwa polepole, kwa dakika 60 hadi 90, mpaka 160 hadi 172 °C. Usikimbize hatua hii: dawa inapaswa kuwa imefika moyoni mwa kibanzi kabla hakijavuka takribani 140 °C. Njiani vali ya juu hufunguliwa kidogo kutoa hewa na gesi. Kwa misonobari, tapentaini hutokea hapo na hukusanywa.

Chungu hukaa kwenye joto la juu mpaka namba ya H itimie (swali la 7). Mwisho presha hupunguzwa, vali ya chini hufunguliwa, na pishi zima hutapikwa kwa kishindo kwenye tangi la kupokelea, vibanzi vilivyolainika vikisambaratika kuwa nyuzi. Pishi zima, kutoka kujaza hadi kutapika, huchukua saa nne hadi tano.

Mitambo ya kisasa ya pishi kwa pishi haitapiki rojo ikiwa ya moto. Huondoa dawa ya moto kwa kuisukuma na maji meusi yaliyopoa, huitunza joto lake kwenye matangi kwa ajili ya pishi linalofuata, kisha hutoa rojo kwa pampu chini ya 100 °C. Mvuke unaotumika unaweza kushuka hadi karibu nusu, na nyuzi hubaki imara zaidi.

6. Hesabu ya dawa inapigwaje?

Kila kitu huhesabiwa kwa uzito wa mti mkavu kabisa. Tuseme mizani inasema tani 40 za vibanzi, unyevu asilimia 50. Mti mkavu ni tani 20, maji ndani yake ni tani 20. Unataka kostiki tendaji (ile inayofanya kazi ya kupika) asilimia 20 na majimaji mara nne ya mti.

Kostiki: tani 4. Dawa nyeupe yenye gramu 100 kwa lita: mita za ujazo 40. Majimaji yote yanayotakiwa: 80. Toa 40 za dawa na 20 zilizomo kwenye mti, unabaki na 20 za maji meusi ya kujazia.

Sasa unyevu halisi ukiwa asilimia 45 na wewe hukupima. Tani zilezile 40 zina mti mkavu tani 22. Kostiki yako ya tani 4 imekuwa asilimia 18.2 badala ya 20. Namba zote kwenye skrini zitakuwa sahihi, na rojo itatoka mbichi. Vibanzi vikikaa juani au vikinyeshewa, pima unyevu upya, usitumie wa jana.

Asilimia 20 ni mfano. Miti ya majani mapana kama mikaratusi kwa kawaida huhitaji pungufu ya misonobari. Jambo la kulinda ni masalio: mwishoni mwa pishi maji meusi yabaki na kostiki ya gramu 5 hadi 10 kwa lita. Ikiisha kabisa, ukali hushuka na lignini iliyokwisha toka hurudi kujipaka kwenye nyuzi. Hapo kuongeza muda hakusaidii.

7. Namba ya H ni nini, na kwa nini muda peke yake hautoshi?

Namba ya H hujumlisha joto na muda kuwa tarakimu moja. Saa moja kwenye 100 °C ni 1. Saa moja kwenye 160 °C ni takribani 400, kwenye 165 °C takribani 610, na kwenye 170 °C takribani 930. Yaani kila nyongeza ya digrii 10 huongeza kasi zaidi ya maradufu.

Kama lengo ni 1,200, ukiweka kando mchango wa kupandisha joto, utahitaji dakika 78 hivi kwenye 170 °C. Kipimajoto kikikudanganya na chungu kikawa kwenye 165 °C, utahitaji karibu dakika 118. Ukipika "saa moja na robo kama siku zote", unatoa mbichi bila kujua kwa nini. Misonobari ya kupaushwa huhitaji namba ya H kubwa kuliko mikaratusi, lakini lengo la kila mahali huwekwa kwa kupima kapa, kipimo cha uivaji (swali la 9), halinakiliwi kutoka kwa jirani.

Namba ya H haijui chochote kuhusu nguvu ya dawa. Ikiwa dawa ni pungufu, itatimia na rojo bado itakuwa mbichi.

8. Geji ya presha na kipimajoto havikubaliani. Niamini kipi?

Linganisha na jedwali la mvuke kwanza. Kwenye 170 °C, geji inapaswa kusoma takribani baa 6.9. Kwenye 165 °C, takribani baa 6. Presha ikiwa baa 8 na joto likiwa 165 °C tu, na vipimo vyote viwili vimehakikiwa, basi kuna hewa au gesi iliyonaswa juu ya chungu. Hiyo ni presha ya uongo: inasukuma kuta lakini haipiki. Toa gesi kupitia vali ya juu polepole, angalia chujio la vali hiyo kama limezibwa na vibanzi, na upike kwa kufuata joto.

9. Nitajuaje rojo imeiva?

Kwa namba ya kapa. Hupimwa maabara kwa kuangalia kiasi cha pamanganeti ya potasiamu kinacholiwa na gramu moja ya rojo kavu. Zidisha kapa kwa 0.15 upate asilimia ya lignini iliyobaki: kapa 30 ni karibu asilimia 4.5. Rojo ya misonobari ya kupaushwa hulengwa kwenye 25 hadi 30, ya miti ya majani mapana 15 hadi 20, na ya makatoni ya kahawia 60 hadi 100. Kushika kwa vidole na kutazama rangi kunasaidia mzoefu kugundua kosa kubwa, basi.

## Daijesta ya mfululizo

10. Inatofautianaje na ya pishi kwa pishi?

Ni mnara mrefu ambao vibanzi huingia juu na rojo hutoka chini bila kusimama. Vibanzi hupitishwa mvuke kwenye pipa, hupimwa kwa mita ya kuzunguka, kisha kifaa cha mifuko huvisukuma kuingia penye presha. Ndani hushuka kama safu moja: kwanza hulowa dawa kwenye takribani 115 hadi 120 °C, huingia eneo la kupikwa, hufika kwenye machujio ya kutolea maji meusi, kisha huoshwa na maji yanayopanda kutoka chini. Chini kabisa, kwangua inayozunguka huitoa rojo ikiwa imepoa chini ya 100 °C.

Inafaa kwa uzalishaji mkubwa wa mti wa aina moja. Kama kiwanda ni kidogo au unabadilisha malighafi mara kwa mara, vyungu kadhaa vya pishi kwa pishi vina faida: kimoja kikiharibika vingine vinaendelea, na kila pishi laweza kuwa na mapishi yake.

11. Safu ya vibanzi imekwama. Nifanye nini?

Dalili zake: kiwango cha vibanzi juu kinapanda, rojo inayotoka chini inakuwa nyepesi, na mzigo wa mota ya kwangua unayumba. Sababu ya kawaida ni kutoa maji meusi kwa nguvu kupita uwezo wa chujio, hivyo vibanzi vikang'ang'ania ukutani. Unga mwingi kwenye vibanzi na vibanzi visivyoiva vizuri huongeza ubishi.

Punguza kwanza kutoa maji meusi, kisha punguza ulishaji. Badilisha machujio yanayotumika ili yaliyoziba yajisafishe. Safu ikianza kushuka, rudisha polepole: ikidondoka ghafla, kapa itayumba kwa saa kadhaa. Kosa la kawaida ni kuongeza joto kwa kudhani kitalainika. Kinachoongezeka ni rojo iliyopitiliza palepale ilipokwama.

## Nyuzi zisizo za miti

12. Chungu cha tufe kinachozunguka kinatumikaje?

Kinapendwa na viwanda vidogo vya mabua, matambara na mkonge. Tufe la mita za ujazo 25 au 40 huzunguka polepole sana, zamu moja kwa takribani dakika mbili, na mvuke huingia kupitia mhimili ulio wazi katikati. Malighafi hizi ni nyepesi na hujaa upesi. Jaza kwa awamu, ukitia dawa na kuzungusha kidogo, ili zinywee na nafasi ipatikane.

Mvuke unaingia moja kwa moja, hivyo hugeuka maji na kupunguza ukali wa dawa. Anza na majimaji pungufu. Kinachosumbua zaidi ni ufungio wa mhimili, unaovuja usipokazwa na kubadilishwa kwa wakati. Na usifungue kifuniko kwa sababu geji inasoma sifuri tu. Fungua vali ya kutolea hewa, hakikisha haijaziba, ndipo uguse bolti.

13. Makapi ya miwa na mabua yana matatizo gani?

Makapi ya miwa yana sehemu laini kama sponji, takribani theluthi moja, ambayo hunywa dawa na kuzuia maji kutiririka kwenye karatasi. Itenganishe kabla ya kupika na uichome kwenye boila ya mvuke. Baada ya hapo makapi huiva haraka: kwenye daijesta za mirija yenye parafujo, dakika 10 hadi 20 kwenye 160 hadi 170 °C hutosha.

Mabua ya mpunga na ngano yana silika. Huyeyuka kwenye kostiki, huganda kama kioo kwenye mitambo ya kukaushia maji meusi, na huharibu chokaa inayorudishwa, ile inayotumika kuigeuza chumvi ya boila ya kurejesha (swali la 1) kuwa dawa nyeupe. Viwanda vingi vya mabua vilishindwa na hilo zaidi ya kushindwa na upikaji.

## Mambo yanapoharibika

14. Kwa nini vibichi ni vingi kwenye chekeche la mafundo?

Chukua vitano, vipasue kwa kisu. Katikati pakiwa na rangi ya mti wa kawaida, dawa haikufika: unene umezidi au hewa haikutoka (maswali ya 4 na 5). Katikati pakiwa peusi na pagumu, joto lilitangulia dawa na lignini ikagandamana: umepandisha joto haraka au dawa ilikuwa pungufu. Vyote vikiwa mafundo ya matawi, chungu hakina kosa.

Vibichi vikitoka kwenye mapishi mengine na si mengine, angalia mzunguko wa dawa. Pampu iliyochoka huacha juu na chini ya chungu tofauti ya digrii kadhaa.

15. Kapa ni nzuri lakini rojo ni dhaifu. Vipi?

Selulosi imekatwa. Watuhumiwa ni joto lililozidi 175 °C, kostiki nyingi ya kufidia muda mfupi, salfaidi iliyoshuka chini ya asilimia 20, na kutapika kukiwa bado na joto kali. Kupima mnato wa rojo hutofautisha haya na nyuzi zilizoharibika kabla, kwenye visu au kwenye lundo lililojichemsha lenyewe kwa kukaa muda mrefu.

16. Hita na machujio huziba kila mara. Nioshe kwa tindikali?

Magamba mengi ni kaboneti ya kalsiamu, inayotoka kwenye mti na kwenye chokaa isiyotulia vizuri kwenye dawa nyeupe. Tindikali yenye kizuia kutu huiondoa. Lakini tindikali ikikutana na maji meusi au dawa nyeupe, hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua. Suuza mpaka maji yatoke safi, tenganisha mabomba, na hakikisha mfereji unaopokea tindikali haukutani popote na mfereji wa maji meusi. Kila uoshaji pia hula chuma kidogo, kwa hiyo kurekebisha utuliaji wa chokaa ni bora kuliko kuosha kila mwezi.

17. Umeme umekatika chungu kikiwa cha moto. Kinaendelea kupika?

Ndiyo. Kufunga mvuke hakushushi joto: kwenye 170 °C kila dakika huongeza takribani 15 kwenye namba ya H. Funga mvuke, fungua vali ya juu kidogokidogo ili mchemko uondoe joto, na kama kuna pampu ya dharura, ingiza maji meusi yaliyopoa. Chini ya 120 °C upikaji unakuwa mdogo mno. Usitapike kabla hujajua kama tangi la kupokelea lina nafasi na kama mfumo wa kukusanya mvuke na gesi unafanya kazi. Pishi lililopitiliza linauzika kwa kazi nyingine.

## Usalama na ukaguzi

18. Harufu ikiisha, hatari imeisha?

Kinyume chake. Haidrojeni salfaidi hunuka kwa kiasi kidogo sana, lakini ikifika takribani sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa. Anayesema "sasa haisikiki tena" anapaswa kutoka mbio. Gesi za krafti zikichanganyika na hewa pia huweza kulipuka, na mvuke wa tapentaini ndio mwepesi zaidi kushika moto.

Kabla mtu hajaingia kwenye chungu: mabomba yote yakatwe kwa bamba la chuma, vali iliyofungwa haitoshi. Swichi zifungwe kwa kufuli, oksijeni ipimwe (iwe asilimia 19.5 hadi 23.5), gesi ipimwe juu, kati na chini, na mlinzi abaki mlangoni muda wote. Mlinzi haingii kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia. Safu ya vibanzi iliyoning'inia juu ya kichwa nayo hufukia watu, hivyo lazima iondolewe kwanza.

19. Ukaguzi utafute nini?

Unene wa kuta, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kwenye alama zilezile kila mwaka ili kasi ya kutu ionekane. Tazama hasa usawa wa majimaji, chini kwenye koni, na karibu na machujio. Kwenye mishono ya uchomeleaji tafuta nyufa kwa njia ya sumaku na rangi ya kung'aa: kostiki ya moto hupasua chuma penye mkazo hata kama unene haujapungua. Geji ya unene haitakuambia hilo. Jaribu vali za usalama na uone kama tundu lake halijazibwa na nyuzi.

Tarehe 15 Aprili 2020 daijesta moja ya mfululizo ilipasuka mjini Jay, jimbo la Maine, Marekani, na kurusha rojo angani mbele ya kamera. Hakuna aliyekufa.

20. Naweza kugeuza boila kuukuu au tangi la mafuta kuwa daijesta?

Usifanye. Tangi la mafuta halikujengwa kubeba presha. Boila kuukuu ilijengwa kwa maji, haikujengwa kwa kostiki, na mishono yake haijulikani imepitia nini. Chombo cha kupikia lazima kiwe na bamba la mtengenezaji linaloonyesha presha na joto la juu, cheti cha jaribio la presha kwa maji, na nyongeza ya unene kwa ajili ya kutu. Kama lengo ni karatasi za mkono kwa kiasi kidogo, pika mkonge au makapi kwenye sufuria wazi ya chuma kisichoshika kutu, kwenye 100 °C, kwa saa nyingi. Usitumie sufuria ya alumini: kostiki huila na kutoa haidrojeni.